Kiraka Si Aibu

Watu wengi hudhani kuwa kitu kikuukuu ni mwenzi wa umaskini, na kwamba kitu kipya ni dalili ya heshima. Dhana hii imeenea mijini na mashambani, imeingia majumbani na madarasani, na kwa kuwa husemwa na wengi, huonekana kama kwamba ni kweli. Mimi naipinga. Nasema kuwa haina kweli ndani yake, na tena ina hasara kubwa. Na katika kurasa hizi nitajaribu kuonyesha kwa nini nasema hivyo. Wahenga walituonya zamani waliposema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa, msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Hawakusema kuwa mbacha ni bora kuliko msala. Walisema kuwa mbacha ni wako, na msala unapita.

Siku moja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, alikuja mvulana wa kidato cha kwanza amebeba vitabu vyake ndani ya mfuko ulioshonwa kwa gunia la sukari. Mamaye alikuwa amelifumua gunia, akaliosha, akalikunja likawa la mapande mawili, akaiacha ndani ile nailoni ya gunia ili mvua isipenye, kisha akalitia mkanda wa suruali kuukuu uwe kishikio cha begani. Mshono wake ulikuwa wa mkono, mdogo na wa karibu karibu, kazi ya mtu asiye na haraka. Darasa zima lilicheka. Kabla ya saa sita mvulana yule alikuwa amekwisha kupewa jina la Sukari. Nami, mwalimu wao, nilikisikia kicheko kile, nikaendelea kuandika ubaoni.

Juma lile halikwisha ila mfuko ulikuwa umetupwa katika shimo la takataka, nyuma ya jiko la shule. Mvulana akawa anachukua vitabu kifuani. Jioni moja mvua ilimkuta njiani. Vitabu vya shule vikalowa, vikavimba, kurasa zikashikana, na babaye akatakiwa kuvilipa. Nilijiuliza ni nani aliyeigharimia furaha ya siku ile. Waliocheka hawakutoa hata senti moja. Aliyelipa ni baba, kana kwamba mkewe alikosa kwa kuwa na akili.

Tangu siku hiyo naamini kuwa sehemu kubwa ya majaa yetu imejazwa na kicheko. Tunatupa vitu vingi kabla ya wakati wake, si kwa kuwa vimekufa, ila kwa kuwa tunaogopa kuonekana navyo. Viatu vinavyohitaji gundi ya shilingi chache hutupwa. Sweta iliyotoboka kiwiko hutupwa. Sufuria iliyokatika mkono hutupwa. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini, hatakuambia kuwa haifai. Atakuambia kuwa watu watamwonaje.

Sasa na tuitazame dhana yenyewe. Je, ni kweli kuwa kutumia kitu tena ni kazi ya mtu asiyekuwa na elimu wala mali? Fikiria mnazi. Watu wa pwani hukuna nazi, wakakamua tui, na machicha wakawapa kuku. Kifuu kikitiwa mpini huwa upawa wa kupakulia au kata ya kutekea maji, na kilichovunjika huenda motoni kikawa kuni. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani mpaka yalainike, kisha hupondwa yakatoa usumba, na usumba husokotwa kamba. Majani hufumwa makuti ya kuezekea. Vijiti vyake, yaani chelewa, hufungwa pamoja vikawa ufagio. Mtu anayejua kukitumia kitu kimoja kwa njia hizo zote si mjinga. Amesoma somo ambalo wengi wetu tulio na vyeti hatujalisoma.

Tena somo hilo halikuwa la mnazi peke yake. Debe lilikuja kwetu limejaa mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa: lilikuwa chombo cha kutekea maji, likawa kipimo cha nafaka sokoni, na lilipotoboka lilipasuliwa na kunyooshwa, likawa bati la ukuta. Gorogoro, ambalo kwalo mama zetu hununua mahindi na maharagwe, asili yake ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Gurudumu la gari lililokwisha barabarani hukatwa likawa akala, na mwenye kuvaa akala hutembea miaka mingi kabla ya kufikiri habari ya viatu vingine. Leso ikipauka huwa mbeleko, kisha huwa nepi, kisha tambara la kupigia deki. Huondoka nyumbani baada ya kuwatumikia watu wa vizazi viwili. Vipimo vya masoko yetu vimetokana na vyombo vilivyotumiwa tena, walakini tunaona haya kutumia tena!

Sidai kuwa wazee wetu walikuwa malaika. Walikuwa na vitu vichache, na uchache ni mwalimu mkali. Lakini elimu haipungui thamani kwa sababu ilifundishwa na dhiki. Baharia aliyejifunza kuogelea baada ya chombo kuzama anajua kuogelea sawasawa na aliyejifunza kwa kucheza.

Wenye kupenda kutupa wana neno lao la kujitetea. Husema kuwa kitu kikitoka nyumbani kimekwisha. Hili ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Kitu kilichotupwa hakikuisha, kimehama. Takataka nyingi za Nairobi zilihamia Dandora, upande wa mashariki wa jiji, ambako jaa lilifunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini magari yaliendelea kumwaga kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi wa afya za watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofika au kupita kipimo kilichokubaliwa wakati ule. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Humpunguzia nguvu ya kujifunza kabla hajaketi darasani. Basi mtu atupaye ovyo asiseme kuwa ametupa mali yake mwenyewe. Pengine amemtupia mtoto wa mwenzake.

Wala safari haishii hapo. Jaa la Dandora limepakana na Mto Nairobi. Mto huo humwaga maji yake katika Mto Athi. Nao Athi huteremka nyikani ukiitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka uingie katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Chupa iliyoachwa mtaroni jijini ina njia iliyo wazi ya kufika pwani, haihitaji nauli. Mvuvi wa huko, ambaye hajapata kuiona Nairobi, huvuta wavu wake akakuta ndani yake vitu ambavyo hakuvinunua wala hakuvitupa.

Serikali imejaribu kuweka sheria, na imefanya vema. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya, na aliyeivunja amri aliahidiwa faini iliyofika shilingi milioni 4 au kifungo kilichofika miaka 4. Miti na nyua ambazo zamani zilining'inia mifuko zilianza kupumua. Vikapu na viondo vikarudi sokoni. Walakini wengi walipata mifuko ya aina nyingine, wakaitumia mara moja, wakaitupa kama walivyoitupa ile ya kwanza. Sheria iliweza kuuondoa mfuko; haikuweza kuiondoa tabia. Tabia haikamatwi na askari. Huanzia nyumbani na shuleni, na huko ndiko inakoweza kugeuzwa.

Baada ya kuwapinga wanaotupa, sina budi kuwapinga na rafiki zangu wanaojidai kuwa hawatupi. Katika shule nyingi, siku ya wazazi inapokaribia, chupa za plastiki hukatwa, hupakwa rangi, hutiwa maua ya karatasi, zikapangwa mezani. Wageni hupiga makofi. Juma linalofuata chupa zile zimo jaani pamoja na rangi yake, na sasa taka zimeongezeka, kwa maana rangi nayo ilinunuliwa. Kupamba taka si kuitumia taka. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni chepesi kwa kila mtu: je, kitu hiki kimeniondolea haja ya kununua kingine? Kama ndiyo, kimetumika tena. Kama sivyo, kimecheleweshwa tu kufika jaani.

Kwa kipimo hicho hata kazi njema sana ziangaliwe kwa makini. Huko Lamu mafundi wa majahazi waliunda mashua iitwayo Flipflopi kwa takataka za plastiki, wakaivika maelfu ya ndara, nyingi zikiwa zimeokotwa pwani. Ilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mimi naiheshimu kazi ile, kwa kuwa ni hotuba inayoelea, nayo husikiwa na watu ambao hawangesikia hotuba nyingine. Lakini hotuba haisafishi pwani. Mtu akiisifu mashua ya ndara, na huku yeye mwenyewe hutupa ndara zake kila ukanda unapochomoka, amesifu bure. Anayepitisha msumari mmoja chini ya soli akaushika ukanda, akavaa ndara zile mwaka mwingine mzima, ameisaidia bahari kuliko msifu huyo, ijapokuwa hakuna atakayempiga picha.

Najua pia kuwa yako matumizi ya pili yaliyo maovu, na mwenye kutetea jambo jema asifiche ubaya unaoweza kuingia ndani yake. Chombo kilichotiwa dawa ya kuulia wadudu hakiwi tena chombo cha maji ya kunywa, hata kikioshwa mara saba. Kadhalika mkebe wa rangi au wa mafuta ya gari usipikiwe. Plastiki haiwashiwi makaa, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa anayepika na kwa mtoto aliye mgongoni. Hata kibatari, kilichotengenezwa kwa ustadi kutoka mkebe mtupu, kimeyatia moshi macho na mapafu ya wanafunzi wengi. Tukipata taa ya jua, na tukiache kipumzike. Sitetei ukuukuu kwa sababu ni ukuukuu. Natetea kazi iliyobaki ndani ya kitu.

Wako watakaoniuliza, "Ikiwa kila mtu atatengeneza alicho nacho, wafanya biashara watakula nini?" Nami nawajibu kuwa kutengeneza nako ni biashara. Nendeni Kamukunji, Nairobi, mkawasikilize mafundi wa jua kali wakifua majiko kwa mabati ya mapipa makuukuu. Tazameni fundi wa viatu chini ya mwembe, fundi wa cherehani barazani, fundi wa redio na simu katika kibanda chake. Watu hawa hawauzi kitu kipya. Huuza maarifa na mikono. Shilingi unayompa fundi wa mtaani hununua unga mtaani. Shilingi unayoitoa kununua kitu dhaifu kilichotoka mbali, ili kikuvunjikie baada ya miezi mitatu, imepanda meli na kwenda zake.

Wengine watasema kuwa lawama ni ya wenye viwanda, wanaotengeneza vitu visivyofunguka, vilivyogandishwa kwa gundi mahali pa kufungwa kwa skurubu, ili vikiharibika visipate dawa. Neno hili ni la haki, nami nalikubali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa taka inawataka wazalishaji nao wachukue dhima ya taka zinazotokana na bidhaa zao, na ni vizuri waandamwe mpaka waichukue. Lakini kosa la jirani halinifungui mimi. Mwenye kiwanda hutengeneza kinachonunuliwa. Tukiuliza dukani, kabla ya kutoa fedha, "Je, hiki kikivunjika kitatengenezeka?" na tukaondoka tukijibiwa la, siku moja atalisikia swali letu.

Basi tufanye nini? Mambo ni mengi, na yote yako mkononi. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani Nairobi ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, mabaki ya chakula. Vitu hivyo si taka. Ni udongo ambao haujakamilika. Vikifukiwa pamoja na majani makavu, na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mboji. Mboji ikitiwa ndani ya gunia kuukuu lililotobolewa ubavuni huotesha sukuma wiki ya nyumba nzima, hata pale ambapo hakuna kiwanja. Maji yaliyooshea mboga yanafaa kuinywesha bustani hiyo. Shuka iliyochakaa katikati ikatwe mapande mawili kwa urefu, pindo mbili za pembeni ziunganishwe ziwe katikati, nayo italaliwa miaka mingine. Sweta isiyovalika ifumuliwe, na nyuzi zifumwe soksi. Karatasi safi zilizobaki katika madaftari mwisho wa mwaka zishonwe pamoja ziwe daftari la mazoezi. Vitabu vya kidato kilichopita vipewe wadogo zenu vikiwa na majalada. Na kabla ya hayo yote, jifunzeni kushika sindano, wavulana kwa wasichana. Kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na tundu la leo lihitajilo mishono 3 litataka nguo nyingine mwezi ujao.

Hakuna ugeni katika maneno haya. Mwaka 2005, baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uliotangulia, Profesa Wangari Maathai alizuru Japani, akasikia huko neno mottainai, ambalo Wajapani hulitumia wanaposikitika kuona kitu chenye manufaa kikipotea bure. Alilipenda, akalitangaza katika nchi mbalimbali, naye alifanya haki. Lakini sisi nasi tunalo neno letu, israfu. Zamani mtoto aliyemwaga maji safi au kuacha wali sahanini aliambiwa neno hilo moja tu, na lilimtosha. Siku hizi twalisikia kwa nadra. Hatukulipoteza kwa kuwa limechakaa. Tulilitupa kama tulivyotupa vitu vingine, kwa kuona haya.

Wasomaji vijana, nimewaandikia ninyi kwa sababu kicheko ni chenu. Wazazi wenu wanajua kushona. Mafundi wanajua kufua. Serikali inajua kuandika sheria. Lakini ninyi ndio mnaoamua, kila asubuhi katika ua wa shule, ni nani atakayechekwa. Mkimcheka mwenye kiraka, atatupa; na atakapotupa, mtoto wa Dandora na mvuvi wa Malindi watapokea. Mkimwuliza mwenye kiraka ni nani aliyemshonea, na kwa njia gani, mtakuwa mmeanza kujifunza.

Ule mfuko wa gunia la sukari niliutoa shimoni siku ileile nilipouona. Nilimpelekea mwenyewe kwa siri, akatazama chini, akatikisa kichwa, nami sikumlazimisha, maana nilijua kuwa aibu ile ningeweza kuizuia siku ya kwanza kwa neno moja, na sikulisema. Nikauosha, nikauchukua nyumbani. Umekwenda nami sokoni kwa miaka 6 sasa, kwa viazi, kwa mkaa na kwa vitabu. Mkanda wake nimeubadili mara mbili. Mshono wa mama yule haujafumuka.